Acha kurekebisha vipimo kimoja kimoja, seti daimensheni staili mara moja tu kwenye AutoCAD

Wadau wa ramani za nyumba mnaochora kwa AutoCAD, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, naandika hii sababu nimechoka kuletewa mafaili ambayo vipimo vyake huvioni mpaka uzoom kama unatafuta jicho la dagaa.

Na mimi yalinikuta. Kuna ramani ya vyumba vitatu nilichora, kiwanja kiko Buswelu, Mwanza, nikachora kwa milimita vizuri kabisa ila vipimo nikaviacha vilivyokuja na programu. Kwenye skrini naviona sababu nimezoom, kwenda kuprinti A3 mjini vikatoka nukta nukta. Fundi wala hakunipigia, akachukua rula akapima kwenye karatasi akazidisha mara mia, kumbe pale stationery walikuwa wameprinti kwa kubana mchoro uenee kwenye karatasi, skeli ilishakufa zamani. Chumba cha mita 3.6 kikatoka 3.4. Msingi umeshajengwa, na chini jiwe tupu, mawe ya kwetu si mnayajua.

Sababu ilikuwa ndogo tu. Ukianza mchoro na templeti ya acadiso (faili la kuanzia linalokuja na programu) unapewa daimensheni staili, yaani mpangilio wa muonekano wa vipimo, inaitwa ISO-25, maandishi yake yana urefu wa 2.5. Ukiwa unachora kwa milimita hiyo ni milimita 2.5 ya nyumba yenyewe, siyo ya karatasi, kwa hiyo ukiprinti 1:100 inabaki 0.025. Nani atasoma hiyo?

Sasa twende. Andika D, piga enter, litafunguka dirisha la Dimension Style Manager. ISO-25 usiiguse, bofya New, ipe jina lako, mimi yangu naiita RAMANI-100, hapo kwenye Start With acha ISO-25, afu Continue. Dirisha lina tabu (kurasa zenye majina juu), usihangaike na kila moja, zenye kazi ni chache.

Nenda Fit kwanza maana ndiyo roho ya yote. Kwenye Use overall scale of weka 100 kama utaprinti 1:100, au 50 kama ni 1:50. Hapo maandishi, mishale na nafasi zote vinakua kwa pamoja, huna haja ya kwenda kuandika 250 kwenye urefu wa maandishi. Wale mnaochora kwa mita kuweni makini, kwenu 1:100 ni 0.1, ukiweka 100 herufi moja itafunika kiwanja na cha jirani.

Text: urefu uache 2.5. Kuna mtego hapa umenilia jioni nzima, ukibadilisha urefu na maandishi hayasogei, angalia ile text style unayotumia (staili ya herufi zenyewe), kama imewekewa urefu wake kule basi huku hausikilizwi. Rudisha kule iwe 0.

Symbols and Arrows chagua Architectural tick, kile kimstari cha mshazari, mafundi wamekizoea kuliko mishale.

Primary Units: kwa milimita weka Precision iwe 0, hakuna fundi anayejenga kwa nusu milimita. Afu Decimal separator itoe kwenye koma uweke nukta, ISO-25 inakuja na koma. Dogo mmoja wa ofisini alichora kwa mita ikaandika 10,250, mwenye nyumba akauliza kiwanja changu kimekuwa mita elfu kumi lini?

OK, afu bofya Set Current, hii wengi wanaisahau wanafunga dirisha wanaendelea na staili ya zamani.

Mpaka hapo umeseti mchoro mmoja tu. Ili kila mchoro mpya uje hivyo hivyo, futa vilivyochorwa, nenda Save As, chagua aina ya faili ya dwt, ipe jina. Afu andika OPTIONS, tabu ya Files, fungua Template Settings, pale kwenye Default Template File Name for QNEW elekeza kwenye faili lako. Kuanzia hapo ukibonyeza alama ya karatasi mpya juu kushoto inakuja na vipimo vyako.

Ramani za zamani nazo hazikushindi. Ctrl+2 inafungua DesignCenter, tafuta faili lenye staili yako, iburute uidondoshe kwenye mchoro. Ifanye iwe current, afu andika -DIMSTYLE, chagua Apply, halafu chagua vipimo vyote, vitavaa sare.

Na ukienda kuprinti mwambie yule dada aweke Actual size, asiweke Fit, ile ya kubana mchoro uenee kwenye karatasi. Kabla hujalipa chukua rula upime hapo hapo kaunta: mita 3.6 kwenye 1:100 ni milimita 36, ikisoma 34 mrudishie karatasi yake.