Kabla hujahamia shambani msimu wa korosho, liandae tumbo

Mwezi wa kumi ukikaribia, huku Newala na Tandahimba kila mtu anatafuta magunia, panga na turubai la kambini. Tumbo hakuna anayelikumbuka. Mwaka juzi shemeji yangu alirudishwa kwa bodaboda siku ya nne, korosho zake bado ziko chini ya miti.

Ukuta wa utumbo, upande wa ndani, umefunikwa na safu moja tu ya seli. Huku kuna chakula na bakteria, kule kuna damu yako. Seli hizo zimebanana bega kwa bega. Baadhi yake hutoa ute unaoteleza kama wa bamia, bakteria wasiuguse ukuta. Nyingine, ndani ya vishimo vya utumbo mwembamba, hutoa kemikali za kuua vijidudu. Zilizochakaa hudondoka, na ndani ya siku 3 hadi 5 karibu safu nzima imekuwa mpya. Seli zikiachana, bakteria hupenya, kinga ya mwili inawavamia, na hapo ndipo mchochota unapoanza: utumbo unavimba, unasokota, unaharisha.

Kwa hiyo anza mapema, wiki mbili tatu kabla. Kula kunde, mbaazi na mboga za majani, ukiongeza kidogo kidogo kama hukuzoea. Nyuzinyuzi zake hufika utumbo mpana bila kusagika; bakteria wema huzichachusha na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za huko. Beba mbaazi kavu, maana ugali na dagaa pekee havitoshi.

Vidonge vya mgongo navyo viangalie. Kuinama kuokota kunauma, najua, lakini diklofenaki ya kila jioni huchubua ukuta huohuo, na gongo ndiyo inazidisha. Muulize mhudumu wa zahanati kabla ya kufungasha. Dawa za antibiotiki zilizobaki nyumbani ziache, zinaua na bakteria wema.

Maji ya kunywa yachemshwe, hata ya mvua. Weka pakiti za ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na chupa ya lita 1, kwa sababu kwa kawaida pakiti moja ni lita moja kamili. Sukari na chumvi yake hupita pamoja kwenye mlango mmoja wa seli, zikivuta maji, na mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu akiharisha.

Ukiona damu kwenye choo, acha korosho, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.