Unapiga filamu za makala na unataka kufundisha? Anza na picha ghafi

Mwenzangu wa kamera akiniuliza aanzeje kufundisha, namuuliza kwanza: picha ghafi zako, zile ulizorekodi kabla ya kuhariri, ziko wapi? Filamu iliyokamilika inaficha kazi. Mwanafunzi anahitaji kuona yale yaliyokatwa: mhusika amenyamaza muda mrefu, maiki imegonga kitasa, mwongozaji anarudia swali kwa maneno mengine ndipo jibu linakuja. Kwa hiyo usifute kitu. Weka nakala kwenye diski mbili, na kila folda uiandike tarehe na mahali. Kisha urudi kwa mhusika umwombe ruhusa upya, kwa sababu aliyekubali kuonekana kwenye filamu hajakubali kuchambuliwa darasani.

Chuo kisubiri. Anza na warsha ya siku chache, na siku ya kwanza kamera zibaki kwenye mabegi. Mimi nawatuma wanafunzi Kariakoo na kinasa sauti tu, wakae kwa fundi cherehani, warudi na dakika tatu bila mahojiano yoyote. Tunazima taa, tunasikiliza. Cherehani inakwenda, inasimama, mkasi unapita kwenye kitambaa, mteja anaomba apunguziwe, bajaji inapiga honi nje. Nauliza: nguo imefikia hatua gani? Atakayejibu kwa kusikia tu, kesho yake nampa kamera nikiwa na imani naye. Hakuna zoezi ninalolipenda kama hili.

Njia hii ya kujifunza kwa kutengeneza ina historia yake. Mwaka 1978 Jean Rouch, mwongozaji wa filamu za makala kutoka Ufaransa, aliendesha mafunzo Msumbiji kwa kamera ndogo za filamu ziitwazo Super 8, watu wapige na waonyeshe wenyewe, na uzoefu huo ukazaa Ateliers Varan, shule ya filamu za makala kule Paris. Kwetu huku, mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab, mafunzo ya watengeneza filamu chipukizi, Kampala mwaka 2004, na Judy Kibinge alikuwa mwongozaji kabla ya kuanzisha Docubox, mfuko unaosaidia watengeneza filamu za makala, Nairobi. Wote walitoka kazini wakaenda kufundisha. Fuatilia matangazo ya mafunzo ya namna hiyo, uombe hata usaidizi: kubeba tripodi, kukaa na wanafunzi usiku wanapohariri. Ukisaidia vizuri, safari nyingine utaitwa kufundisha.

Ukitaka ajira ya kudumu chuo kikuu, jiandae kusoma shahada ya uzamili, hakuna njia ya mkato. Mwalimu wa muda ni rahisi zaidi kupata, ila malipo huchelewa, kwa hiyo usiache kupiga filamu. Na usiache kwa sababu nyingine pia: mwalimu asiyeingia uwanjani hubaki anasimulia vifaa ambavyo wanafunzi hawajawahi kuviona. Omba mkataba utaje wiki utakazokuwa safarini na nani atashika darasa lako. Lifanye mapema, kabla ratiba ya muhula haijatoka, maana ikishabandikwa ukutani hakuna atakayekubadilishia.