Kuhamisha nyimbo kutoka Triton kwenda Krome bila kuzipoteza

Jumatano moja ya mazoezi, kanisani kwetu Morogoro, nilikaa kwenye Korg Triton, kinanda chetu cha zamani, tangu saa nane mchana nikiujenga wimbo wa matoleo wa Pasaka. Ngoma, besi, gitaa mbili, tarumbeta, traki kumi na moja kwa jumla. Saa kumi na mbili na nusu, akina mama wa sauti ya kwanza wakiwa ndio wanaingia, umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha kinanda, nikafungua sekwensa, sehemu ya kinanda inayorekodi nyimbo. Hakuna kitu. Nililia, na siioni aibu kusema hivyo.

Triton haibaki na wimbo ikizimwa. Sauti uliyoitengeneza ukaiandika kwa Write utaikuta kesho, lakini wimbo unakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukiondoka nao umeondoka. Krome, kinanda kipya zaidi cha Korg, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla hujafikiria kuhamisha chochote, jizoeze kusevu kila unapomaliza traki moja, usingoje wimbo ukamilike.

Kanisa liliponunua Krome nilikuwa na flopi 14, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili, za miaka ya kwaya. Haya ndiyo niliyoyafanya, na ndivyo ningemwelekeza mpiga kinanda mwenzangu.

Anza na kilicho salama kwenye kinanda cha zamani. Bonyeza DISK, nenda ukurasa wa Save, gusa kishale cha menyu kilichoko pembeni juu ya kioo, chagua Save All. Flopi itapata mafaili ya jina moja yenye mikia tofauti. PCG ni sauti zako, kombi zako (sauti kadhaa zilizounganishwa) na mipangilio ya kinanda. SNG ni nyimbo. KSC ni orodha ya sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, kama unazo. Jina lisizidi herufi nane, basi lipe jina utakalolielewa mwakani: PASAKA07, siyo NEWFILE.

Hapa wengi wanakosea. Wanachukua SNG peke yake kwa kuwa ndiyo yenye nyimbo. Lakini ndani ya SNG hakuna sauti hata moja. Kuna maagizo tu: traki ya kwanza icheze benki fulani, namba fulani. Ukiipakia SNG kwenye Triton nyingine ambayo mwenyewe kazibadilisha sauti zake, besi yako inaweza kutoka filimbi. SNG na PCG ni mtu na kivuli chake, usizitenganishe.

Flopi zenyewe usiziamini. Zangu tatu zilikuwa na ukungu, na moja niliiweka juu ya spika miezi mingi. Ile haikufunguka tena. Tafuta kisoma flopi cha kuchomeka kwenye USB ya kompyuta, nakili kila flopi kwenye folda yake, kisha folda zote zipeleke mahali pa pili: flashi, au kompyuta ya mwanakwaya unayemwamini. Flopi ya 1.44 MB inasomeka bila shida. Ile ya zamani zaidi ya 720 KB visoma vingine huikataa, hivyo inakili kwanza kwenye ya 1.44 ukiwa bado kwenye Triton.

Sasa kuvuka. SNG ya Triton imeandikwa kwa ajili ya Triton. Kinachoeleweka na vinanda vingi ni faili la MID, yaani la MIDI, lugha ya noti ambayo vinanda huzungumza. Chagua wimbo mmoja kwenye sekwensa, rudi DISK, Save, halafu Save to Std MIDI File. Utaulizwa fomati: chukua 1, inayoziacha traki mbalimbali. Ya 0 inazikunja zote kuwa traki moja. Ni wimbo mmoja kila safari, kwa hiyo kazi inachukua muda. Mimi niliifanya jioni nne.

Hamishia mafaili ya MID kwenye kadi ya SD, ichomeke Krome, ingia upande wa Media, pakia. Wimbo utacheza, na utashtuka. Noti zote zipo, mwendo ule ule, lakini sauti siyo zake. Krome inatii namba iliyoambiwa, ila penye namba ile imekaa sauti nyingine. Efekti nazo hazikuvuka kama nilivyozipanga.

Ndiyo maana, kabla ya kuzima Triton, kaa na daftari. Langu lina mistari 16 kwa kila wimbo: traki, jina la sauti, volyumu, pan (sauti iko kushoto au kulia), na neno moja la kujikumbusha, kama «besi nzito» au «tarumbeta kali kidogo». Ukiwa na daftari hilo, kazi kwenye Krome ni kutafuta sauti iliyo karibu na ile uliyoizoea. Bila hilo utakuwa unabahatisha.

Ngoma zinataka uvumilivu wa pekee. Kila noti ya kibodi ni ngoma yake, na seti ya Triton haijapangwa lazima kama ya Krome. Kiki na snea kwangu zilikaa sawa, zikiwa noti 36 na 38. Tumba ndizo zilizohama: palipokuwa na tumba ikagonga kengele, ibada nzima ingegeuka gulio. Sikiliza traki ya ngoma peke yake, noti moja moja, na ile iliyopotea isogeze.

Je, kama kisoma flopi cha Triton chenyewe kimekufa? Huo ndio ugonjwa wa nyingi zilizobaki. Ikiwa wimbo bado uko ndani, usizime. Chukua kebo ya MIDI ya pini tano, toka MIDI OUT ya Triton ingia MIDI IN ya Krome. Kwenye Triton, traki zote zibadilishe Status kutoka INT (ndani tu) kwenda BTH (ndani na nje), kwa maana INT haitoi chochote kwenye kebo; mimi nilipoteza saa nzima nikidhani kebo ni mbovu. Kila traki iwe na chaneli yake, 1 hadi 16, na Krome ifuate hivyo hivyo. Kwenye Krome weka MIDI Clock iwe External, ili ifuate mwendo wa Triton, washa kurekodi kwa traki nyingi, bonyeza REC, kisha anzisha Triton. Krome itaanza yenyewe, na wimbo wa dakika tano utachukua dakika tano.

Ukishazipanga sauti, sevu vyote kwenye SD kwa jina jipya, uache la zamani lilivyo. Kisha zima Krome kwa mkono wako, iwashe, pakia, ucheze tangu mwanzo hadi mwisho huku daftari likiwa magotini. Triton isiuzwe mpaka nyimbo zote zimepita hapo.