Kupima umakini wa mtu anayeteseka na chakula

Kabla hujawasha kompyuta kupima kama chakula na mwili vinavuta umakini wa mteja mwenye tatizo la ulaji, muulize amekula saa ngapi. Njaa pekee humfanya mtu yeyote akodolee chakula. Ukimpima saa sita mchana msichana ambaye hajaonja kitu tangu jana, umepima njaa yake. Mimi huandika saa ya mlo wa mwisho juu kabisa ya fomu, halafu mapigo ya moyo. Mapigo yakiwa chini sana, au akisema huzimia, achana na kipimo, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kipimo ninachotumia zaidi kimetokana na kile cha mwanasaikolojia Stroop cha mwaka 1935. Maneno hutokea kwa rangi mbalimbali, naye anataja rangi tu bila kusoma neno. Akichelewa zaidi kwenye maneno ya mwili na chakula kuliko ya kawaida, huenda yanamvuta.

Kazi ngumu iko kwenye kuandaa orodha ya maneno. Tafadhali usitafsiri ya Wazungu. Hapa Nairobi watu huumizana kwa maneno ya hapa: kitambi, mapaja, chapati, chipsi. Kila moja litafutie mwenzake lisilomgusa mtu, lenye silabi sawa na lililozoeleka vilevile: kabati, milango, dirisha, soksi. Tena, aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea huenda Kiswahili akakisoma polepole, na huo uchelewaji ukaudhania ugonjwa. Muulize anasoma lugha gani bila kujikaza, umpe orodha ya lugha hiyo.

Kuna kipimo kingine, cha picha mbili na kitone (dot-probe): picha mbili hutokea, kisha kitone mahali pa mojawapo, naye hubonyeza upesi akikiona. Kinapendwa na watafiti, lakini alama za mtu mmoja hubadilika mno akirudia. Sikitegemei kumwamulia mtu.

Ukimaliza, ondoa majibu yenye makosa, ulinganishe wastani wa muda wa makundi mawili ya maneno, wala usishikilie neno moja. Kisha uliza maswali matano ya SCOFF, dodoso fupi la kuchuja matatizo ya ulaji. "Ndiyo" mbili zinatosha kukupeleka kwenye mahojiano kamili.

Mzazi atakungoja mlangoni: "Daktari, kwa hivyo mtoto ni mgonjwa?" Mimi hujibu, "Mama, kompyuta haiwezi kutuambia hilo. Nipe muda niongee naye." Naye mtoto, mimi humuuliza jambo moja kwanza: kuna neno lililokukwaza? Hapo ndipo wengi huanza kusema nani nyumbani huhesabu chapati zao.