Tumbo la hedhi: angalia saa unayomeza dawa

Kwa miaka 11 nilimeza ibuprofeni na bado nikashinda kitandani nimejikunja, mto nimeukumbatia tumboni. Nilikuwa navumilia kwanza. Nilijiambia dawa ni ya aliyezidiwa, basi nikangoja mpaka nianze kutapika ndipo nimeze, na nusu saa baadaye nikalalamika kwamba haifanyi kazi. Mfamasia mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mwanangu, huwa unaimeza saa ngapi?"

Ili uelewe kwa nini aliuliza hivyo, zijue prostaglandini. Ni kemikali ambazo karibu kila seli ya mwili huzitengeneza kutokana na asidi ya arakidoniki, mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli yenyewe. Mwili hauziweki akiba. Huzitengeneza zinapohitajika, zikafanya kazi papo hapo jirani na zilikozaliwa, kisha zikavunjwavunjwa upesi. Jina lake lilitokana na makosa: mwaka 1935 Ulf von Euler wa Sweden aliziita hivyo akidhani zinatoka kwenye tezi ya prosteti ya mwanamume. Kumbe mji wa mimba nao ni kiwanda chake kikubwa.

Hedhi inapokaribia, homoni ya projesteroni hushuka, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapoanza kubomoka humwaga prostaglandini kwa wingi. Hizo hukaza msuli wa mji wa mimba, mishipa ya damu ikabanwa, msuli ukakosa oksijeni, nao ukauma. Nyingine hufika hadi kwenye utumbo. Ndiyo sababu ya kichefuchefu na kule kuhara ambako nilikuwa naona aibu kukutaja hata kwa mama yangu, nikidhani nina maradhi mengine. Zinakuwa nyingi zaidi katika saa 48 za mwanzo.

Mwaka 1971 John Vane, akiwa Uingereza, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ibuprofeni nayo hufanya vivyo hivyo: hufunga mlango wa kiwanda. Zile zilizokwisha kutoka haizigusi. Ukimeza wakati tayari unagaagaa, umefunga mlango mzigo ukiwa umeshatoka, na itabidi uumie mpaka uliopo uishe.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Naandika tarehe zangu, na nazijua dalili zangu: kiuno huwa kizito na mapaja huvuta tangu usiku uliotangulia. Nikiona tone la kwanza, au dalili hizo zikinijia waziwazi, nakula kidogo, nameza miligramu 400 kwa glasi nzima ya maji. Baada ya saa 6 hadi 8 narudia, na hapa ndipo wengi tunapoteleza: narudia kwa kufuata saa, hata kama siumwi, maana dawa ikiisha mwilini kiwanda hufunguliwa tena. Sizidishi miligramu 1200 kwa siku bila daktari. Siku ya pili au ya tatu naacha. Chupa ya maji ya moto tumboni husaidia pia, na haigombani na dawa.

Kabla hujaniiga, nisikilize vizuri. Prostaglandini si adui. Tumboni ndizo zinazolinda ukuta kwa ute na kupunguza asidi. Kwenye figo husaidia damu ipite vizuri. Ukizizima kwa ajili ya mji wa mimba, umezizima na huko. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, asianze bila kumwuliza daktari. Ukiwa umetapika na kuhara mpaka umekauka, rudisha maji mwilini kwanza. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki au naproksini. Ni dawa za ukoo mmoja, na madhara yake hujumlishana. Na kama kuna uwezekano una mimba, usimeze. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Mimba ikikomaa zinaweza kuziba kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao prostaglandini ndizo huushikilia wazi.

Jaribu mizunguko mitatu kwa saa sahihi. Kama bado unaumia vilevile, au unaumwa hata nje ya hedhi, au wakati wa tendo la ndoa, au pedi inajaa kila saa, huenda ni endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake) au uvimbe kwenye kizazi, na hapo kuongeza vidonge si dawa. Nenda kwa daktari na daftari lako: tarehe ya damu, saa ulizomeza, kiasi, na maumivu yalivyokuwa saa mbili baadaye. Akikuambia ni kawaida ya wanawake, mfungulie daftari umwonyeshe.