Diski ya Mgongo Iliyochomoza: Namna ya Kuituliza Bila Upasuaji

Watu husema diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, imeteleza, ingawa diski haitelezi. Imeshikamana na pingili za juu na chini yake. Kinachotokea ni ukuta wake kuchanika, ute mzito wa ndani ukasukumwa nje na kugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana tatizo liko kiunoni lakini moto unawaka kwenye kigimbi. Chembe za kinga za mwili hukimega kipande hicho kilichotoka kidogo kidogo, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Kazi yako ni kutokichokoza.

Kwanza hatari. Ukipata ganzi kwenye msamba na sehemu za siri, mkojo ukigoma, haja ikitoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hapo upasuaji hausubiri. Unyayo usionyanyuka nao unahitaji daktari haraka.

Kulala kitandani kusizidi siku 1 au 2, maana misuli hulegea na mgongo hukakamaa. Tembea mahali tambarare dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku.

Zoezi linalowasaidia wengi ni hili. Lala kifudifudi sakafuni dakika 2, kisha egemea viwiko dakika 2 nyingine. Ukivumilia, weka viganja usawa wa mabega na usukume hadi kifua kiinuke, nyonga zikibaki chini. Shuka, rudia mara 10, kila baada ya saa 2 au 3. Kosa la kawaida ni kukaza makalio. Yaache yalegee kabisa, la sivyo kiuno hakijikunji.

Sasa fuatilia maumivu yanakokwenda. Yakiuacha mguu na kupanda kiunoni, endelea, hata kama kiuno kimeuma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha mara moja: zoezi hilo halikufai, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akutafutie jingine.

Usiku diski hunyonya maji, kwa hiyo asubuhi imejaa. Saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname. Kiatu kivae kwa kuuleta mguu juu. Ukikaa, weka taulo iliyoviringishwa nyuma ya kiuno na uinuke kila nusu saa. Chafya ikikujia, simama wima na ushike kiuno. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti.

Ibuprofeni ya mg 400 baada ya chakula, isiyozidi mara 3 kwa siku, hutumika kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari.

Wiki 6 zikipita bila nafuu, zungumza na daktari kuhusu MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mwili) na sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na mshipa huo wa fahamu. Picha hiyo isomwe pamoja na dalili zako, kwani watu wengi wasio na maumivu yoyote nao wana diski zilizochomoza.