Kabla kaskazi haijajaza mchanga kwenye mlango wa boti hapa Malindi

Wenzangu, kabla hatujaanza kuchanga hela ya mashine ya kuchimba mchanga kuna mambo lazima tuyaweke sawa, maana mlango ukichimbwa bila kujua mchanga unatoka wapi na unaelekea wapi, msimu mmoja tu ushajaa tena na hela ishaenda.

Mchanga wetu na tope lote hili linaletwa na Sabaki, mto uleule wanaouita Athi kule bara na Galana ukipita Tsavo, mvua ikinyesha huko juu udongo wa mashamba ya watu unashuka wote mpaka baharini. Kusi ikivuma yale maji mekundu yanasukumwa upande wa Mambrui na sie tunapumua kidogo, lakini kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka yanakuja moja kwa moja ndani ya ghuba yetu, na hapo vuli ishaujaza mto. Ndo maana ufuo umetanuka hadi hoteli zilizojengwa karibu na maji leo ziko mbali nayo. Kwa hiyo maandalizi ni Oktoba, si Januari boti zishaanza kukwama.

Kitu watu wanakiruka sana ni kupima, na kwangu mimi hiki ndo kikubwa kuliko vyote. Bildi, yaani kipande cha risasi cha kupimia kina, na kamba yenye alama kila nusu mita yatosha, mnapita mstari uleule kila mara mkifuata alama mbili za nchi kavu, na kila kipimo mnaandika na saa. Saa ni muhimu kwa sababu bildi ikisema mita 3 na jedwali la maji kujaa na kupwa la KPA, mamlaka ya bandari, linasema saa hiyo maji yako mita 2.2, basi kina chenu maji yakiwa sifuri kwenye jedwali ni mita 0.8. Boti ambayo tumbo lake linaingia majini mita 1, mkiiachia nusu mita chini yake, itapita pale tu jedwali linaposema maji yako mita 0.7 kwenda juu. Halafu siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa kabisa nendeni mpige picha mafungu ya mchanga yalivyokaa, mwezi unaofuata mlinganishe, mtaona kama fungu linahama ama linanenepa tu.

Karatasi za NEMA, mamlaka ya mazingira, ni lazima, sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini kabla ya kuchimba, anzeni mapema.

Sasa mchanga ukishatolewa mnaumwaga wapi? Hapa ndo pagumu. Mkiumwaga kaskazini ya mlango wakati wa kaskazi unarudi palepale, mkiupeleka kusini kuna matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, na tope likikaa juu ya matumbawe yanakufa na samaki wetu wanahama nayo. Mimi naona bora mchanga upandishwe nchi kavu, juu ya alama maji ya bamvua yanapofika, japo gari na vibarua vitaongeza gharama, tena mkae na watu wa KWS, shirika la wanyamapori, mezani kabla mashine haijafika.

Na maboya yasifungwe mkasahau, kila mkipima mkakuta njia ya boti imehama myahamishe siku hiyohiyo, hasa yale ya karibu na fungu, kwa sababu anayeingia usiku anayategemea hayo tu.